Siku Mita Ilipoitisha Kikao

Ti. Ti. Ti.

Ndoto yangu ya usiku wa jana ilianza na mlio huo, gizani. Ni mlio wa mita ya umeme ya kibaraza cha nyuma inapobakiwa na uniti chache. Wapangaji wote wa nyumba yetu wanaujua. Ukianza, kila mtu anajifanya amelala, kwa sababu anayeamka wa kwanza ndiye anayekwenda kununua.

Mimi nikaamka, lakini niliamka ndani ya ndoto. Mwanangu Nakiete, mwenye miaka minne, alikuwa amelala kanikumbatia shingo. Nikamtoa mkono taratibu. Mume wangu Mbwambo alikuwa anakoroma kwa sauti ya chini asisumbue chumba cha pili. Nikajifunga kanga, nikatoka.

Mita alikuwa ameshuka ukutani. Amekaa kwenye kigoda changu cha kufulia, amekunja nne.

"Shikamoo," nikamwambia, maana alikuwemo katika nyumba hii kabla yetu.

"Marahaba, Mama Nakiete. Ti. Samahani, kikohozi hiki."

"Pole sana. Kimekuanza lini?"

"Mwezi wa kwanza. Mwezi ule ule mlioleta chombo chenu cha miguu mitatu."

Hili la chombo cha miguu mitatu si la ndotoni, ni la kweli, kwa hiyo nilieleze kabla sijaendelea.

Nyumba yetu ya Tabata ina vyumba sita na mita moja. Umeme tunachangia. Kuna daftari, anakaa nalo Sumbuko wa chumba cha mbele, na kila kifaa cha umeme kinaandikwa humo ili mwenyewe achangie kinachomstahili. Zimo taa, zimo feni, zimo tivii, imo pasi, imo na sabufa ya Sumbuko mwenyewe. Mwezi wa kwanza Mbwambo alikabidhiwa bajaji ya umeme kwa mkataba, aiendeshe miaka miwili halafu iwe yake. Tukaiandika siku hiyo hiyo. Kila tunapoichaji tunaingiza kwanza uniti zetu saba, watu wakiona. Nasoma masomo ya jioni, darasa la umeme wa majumbani, na hesabu hiyo nimeipiga mara tatu: saba zinatosha kabisa. Hata hivyo, tangu bajaji ije, uniti za nyumba nzima zinaisha kabla wiki haijafika katikati.

Basi Bi Mwajabu, mama mwenye nyumba, akaitisha kikao. Jumamosi, saa tatu asubuhi, uani. Ikionekana bajaji ndiyo mlaji, ama iondoke, ama tuondoke nayo. Ikiondoka, mkataba umevunjika, na Mbwambo anarudi kubeba zege. Ijumaa nililala na hilo kichwani. Sasa nirudi ndotoni.

Mita akanipa karatasi ndefu nyembamba, imetoka mdomoni mwake.

"Kikao kimewahishwa," akasema. "Ni leo, muda si mrefu. Mtuhumiwa aje na shahidi anayelijua tumbo lake."

"Mbona ni usiku bado?"

"Usiku ni suala la kitufe." Akajibonyeza tumboni, kukapambazuka. Jogoo wa jirani akatoka bandani akilalamika kwamba hakuarifiwa.

Bajaji alikuwa kando ya ukuta wa choo, amejifunika turubai mpaka machoni kama mwari. Nikamfunua.

"Mama, mimi sijala cha mtu," akasema.

"Najua."

"Ninakula nilichowekewa. Nikishiba nawasha taa ya kijani. Sijawahi hata kulamba sahani."

"Najua, mwanangu. Panguza uso, twende tukatafute shahidi."

Nikapanda mbele. Nikamwambia mimi sijui kuendesha. Akaniambia na yeye hajui, anayejua ni Baba Nakiete. Tukakubaliana nishuke nisukume. Nikamsukuma nje ya geti, nikampitisha kwa fundi cherehani, nikakata kona ya duka la mkaa, na nyuma ya duka la mkaa hakukuwa na nyumba za watu tena. Kulikuwa na kituo cha mafuta.

Kituo kilikuwa kimya. Pampu nne zimekaa kwenye benchi moja, zimevaa tai, kila moja imeshika bahasha ya kaki. Juu ya paa kulikuwa na bei ya petroli. Ilikuwa imepanda huko tangu asubuhi na haitaki kushuka. Wafanyakazi wawili walikuwa wanaibembeleza kwa ndizi mbivu.

Pampu mzee kuliko wote akasimama, akautupia mpira wake begani kama skafu.

"Karibu, mama. Umekuja kwa ajili ya kazi?"

"Hapana, natafuta shahidi."

"Basi mimi ndiye ninayetafuta kazi." Akafungua bahasha. "Nina uzoefu wa miaka thelathini wa kupima. Naona dalili. Madereva siku hizi wananipita wamefunga vioo. Nimesikia kinamama mnauza uji asubuhi. Mimi naweza kumimina uji kwa kipimo, haumwagiki hata tone."

"Uji utanuka petroli, mzee."

"Utazoeleka."

Nikamhurumia. Nikamkingia kikombe cha Nakiete ambacho sijui nilikitoa wapi. Akamimina. Uji ukatoka wa moto, una maziwa, na ubaoni mwake zikazunguka namba: lita moja nukta mbili, ndizi moja, sukari bila malipo. Nikaonja. Ulikuwa uji mzuri. Ulinuka petroli.

"Nitakuulizia kwa rafiki yangu," nikamwambia, na tukajua wote wawili maana yake.

Akakaa. Nikamwuliza kama anaikumbuka bajaji ya kwanza ya mume wangu, ile ya petroli aliyokuwa anaiendesha kabla ya zege, akimpelekea mwenye chombo hesabu ya kila siku.

"Yule mlevi?" Pampu zote nne zikacheka. "Anakuja asubuhi, anakunywa. Adhuhuri, anakunywa. Magharibi anarudi ameshikiliwa, anasema ongeza kidogo ya kufikia nyumbani. Na akishakunywa anakwenda kukohoa moshi kwenye nyuso za watoto wa shule."

"Na huyu?"

Mzee akamtazama Bajaji kuanzia taa ya mbele mpaka ya nyuma. Bajaji akaona haya, akawasha indiketa.

"Huyu simfahamu. Hajawahi kukanyaga hapa. Mimi siwezi kumshuhudia mtu asiyekunywa. Nenda kamwulize anayemtunzia chakula."

"Anakaa wapi?"

"Mlango ule wa choo. Gonga kwanza."

Nikagonga, nikaingia, na nilikuwa darasani.

Ni darasa langu la jioni, lenye feni moja na madawati ya shule ya msingi yanayotubana magoti. Wenzangu wote wapo. Mbele ubaoni hakuwepo mwalimu wetu. Alikuwepo mama mnene wa mraba, amevaa kitenge cha bluu, ana alama ya kujumlisha kwenye sikio moja na ya kutoa kwenye sikio la pili. Huyo alikuwa Betri.

"Umechelewa, Mama Nakiete," akasema. "Kaa. Nani humu hajawahi kuamka usiku kukinga maji?"

Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Kwa nini mnakinga?"

"Kwa sababu mchana hayatoki, mwalimu," tukajibu wote.

"Na mkishakinga?"

"Tunafunika."

"Mnayatumia lini?"

"Yakikatika."

"Basi somo limekwisha. Nendeni mkafanye hivyo hivyo kwa jua."

Akafungua dirisha. Jua la saa sita linatoka pale kama bomba lililolegea, linamwagikia sakafuni, linapotea bure. Tunakimbilia ndoo. Ghafla kuna foleni ya ndoo, madumu, beseni, sufuria za shughuli, na kuna watu nisiowajua wameweka tofali kushika nafasi.

"Wewe, ondoa dumu lako, hapa kuna tofali langu!" mama mmoja ananifokea.

"Tofali halikingi jua, dada."

"Tofali linanikingia nafasi. Nilikwenda kubandika maharage!"

"Sasa maharage si ungeyabandika hapa hapa, kuna jua tele?"

Mama akafikiri. Akaliondoa tofali, akaleta sufuria ya maharage, akaiweka kwenye ndoo ya jua. Yakaanza kuchemka. Tangu hapo akawa ananiita mdogo wangu.

Betri alikuwa anapita kati yetu, anapokea jua kwa kila mtu na kulifutika kifuani, kwenye kitenge, kama mweka hazina wa kikoba. Mtu akimwomba, anatazama kwanza ni saa ngapi. Akiona kiza kimeingia anampimia. Akiona ni mchana kweupe anamwambia, "Si liko nje hilo? Hili ni la usiku."

Nikamngoja amalize, nikapiga magoti kidogo, nikamweleza habari ya kikao. Nikamwambia kikiharibika hatuna pa kwenda, na Mbwambo mgongo wake haufai tena kwa zege, ingawa yeye mwenyewe hasemi.

Betri akavua miwani.

"Binti, mimi ndiye tumbo la Bajaji wako."

"Wewe?"

"Ndiye. Uniti sita na nusu naziweka ndani, na nusu inanitoka jasho wakati wa kula. Jumla saba. Ya nane haingii, hata uisukume kwa mwiko. Nitasema hivyo mbele ya yeyote."

"Kama wewe ni tumbo lake na uko hapa, basi Bajaji amekuja na nini?"

"Amekuja mtupu. Kwani hukuona kwamba ulikuwa unasukuma?"

Nikaona aibu kwamba sikuligundua hilo, na mimi mwanafunzi wa umeme. Betri akachukua mkoba wake, akatoka nje, akaketi chini ya kiti cha Bajaji. Bajaji akavuta pumzi, akanyooka. Safari hii tulikwenda bila kusukuma na bila kelele. Tulifika nyumbani kabla sijamaliza kukaa.

Uani watu wamejaa. Mkeka umetandikwa. Vifaa vyote vilivyomo kwenye daftari vimekaa kwa adabu, miguu pembeni: taa tisa zimeshonana kama wanafunzi, Feni anageuza shingo kulia na kushoto asipitwe na umbea, Tivii anaongea peke yake, Pasi kajiinamia. Bi Mwajabu amekaa kwenye kiti chake cha plastiki, na kiti kimewekwa juu ya paa, kwa sababu nyumba ni yake. Kutoka chini tulikuwa tunaona ndala zake tu.

Sumbuko amesimama na daftari. Sabufa yake imekaa nyuma yake, na kila akimaliza sentensi inamuitikia.

"Kikao kimefunguliwa," akasema Sumbuko.

"Du," ikasema Sabufa.

"Sheria ni ile ile. Kilichoandikwa kwenye daftari kipo. Kisichoandikwa hakipo."

"Du."

"Mita, lete uniti."

Mita akaingia na sinia kubwa. Uniti zilikuwa vitumbua. Vitumbua ishirini na tano, vya moto, vya iliki, vimepangwa duara. Nikasikia tumbo langu linanguruma, nikaliambia nyamaza, hapa tuko kikaoni.

Vifaa vikaanza kuitwa. Taa tisa ziligawana kitumbua kimoja na kushukuru kwa pamoja. Feni alikula kimoja huku anazungushazungusha shingo, makombo yakatupata wote. Tivii alikula kimoja na nusu bila kuacha kuongea. Sabufa ilikula nusu iliyobaki, ikasema du. Pasi alikula viwili kwa mpigo, akatoa mvuke puani, akaomba radhi, akarudi kujiinamia.

"Bajaji!"

Bajaji akasogea mbele. Betri akatoa sauti kutoka chini ya kiti, "Hesabuni wenyewe." Tukahesabu. Moja, mbili, tatu. Alikula taratibu, anatafuna. Sita. Saba. Akapangusa mdomo na turubai, taa ya kijani ikawaka.

"Nimeshiba. Ahsanteni."

Kwenye sinia vilibaki vitumbua kumi na viwili. Moyo wangu ukatulia. Nikamgeukia Sumbuko nimwambie, umeona?

Nyam.

Kitumbua kimoja kikapotea. Hakuna mkono, hakuna mdomo. Kilikuwepo, hakipo.

Nyam. Cha pili. Nyam, nyam. Cha tatu, cha nne.

Halafu macho yote, pamoja na taa tisa, yakamgeukia Bajaji.

"Mnaona?" akasema Sumbuko. "Anakula hata akiwa amefunga mdomo!"

"Du."

"Mimi nimeshiba," Bajaji akalia. "Taa ya kijani hii hapa!"

"Taa hata mimi ninayo chumbani, na bado nina njaa. Mama Nakiete, msinione mbaya. Sisi tulikuwa tunaishi vizuri tu. Mita anakohoa mara moja kwa wiki, tunachanga, maisha yanaenda. Mmekuja na chombo chenu cha kisasa, sasa tunanunua umeme kama tunanunua vocha."

Sauti ya Bi Mwajabu ikashuka kutoka juu, polepole, kama kitu kinachoteremshwa kwa kamba. "Mimi sina ubaya na mtu. Lakini nyumba yangu haiwezi kuwa na mlaji asiyeshiba. Anayetaka Bajaji aondoke anyooshe mkono."

Mikono ikaanza kuinuka. Mikono ya watu, mabawa ya Feni, waya wa Pasi. Na hapo nikamwona Mbwambo anatoka chumbani kwetu. Amejitwika godoro kichwani, na juu ya godoro Nakiete amelala, shavu limebonyea.

"Unafanya nini?" nikamwuliza.

"Nimeanza kubeba mapema," akasema, "tusije tukawachelewesha wenzetu."

Nilitaka kumgombeza. Mbwambo ni mtu wa kuomba radhi hata akikanyagwa yeye, na mimi nimempenda kwa hilo, na siku nyingine hilo hilo linanitoa machozi. Nikatazama chini nisionekane. Ndipo nikaona makombo.

Makombo ya vitumbua yalikuwa yanadondoka kibarazani, kati ya pipa la maji na mlango wa Bi Mwajabu. Pale hapakuwa na mtu. Pale hapakuwa na kitu. Watu walikuwa wamebanana uani mpaka wengine wamekaa juu ya mfuniko wa shimo, lakini pale mahali, upana kama wa kabati, palikuwa patupu, hakuna aliyesogea.

Nikapanda kibarazani. Nikasogeza mguu. Vidole vikapoa.

"Kuna mtu hapa," nikasema.

"Hapo hapana kitu, Mama Nakiete," akasema Sumbuko.

"Mbona ukipita hapa unazunguka?"

"Nani, mimi?"

"Wewe. Kila siku, ukienda kuoga na ndoo yako. Unafika hapa unazunguka."

Sumbuko akafikiri. "Nazunguka kwa heshima."

"Heshima ya nini?"

"Sijui. Nilipohamia nilikuta watu wanazunguka."

Sabufa ikakaa kimya.

Nikanyoosha mkono kwenye utupu. Ukagusa kitu kirefu, laini, cha baridi. Nikaupeleka nyuma yake, kukawa na joto na vyuma vyembamba kama wavu. Nikapapasa mpaka nikakuta kibati kidogo chenye maandishi, kama tunavyofundishwa darasani, kwamba kifaa usichokijua kisome mgongoni. Kilisema: wati mia mbili na hamsini.

"Naomba daftari," nikamwambia Sumbuko. Akanipa. Nikachukua kalamu.

"Mimi siandiki hicho," ikasema kalamu.

"Kwa nini?"

"Mimi ni kalamu ya wapangaji. Tulichanga kuninunua. Siwezi kuandika kitu cha mwenye nyumba, nitaonekana sina malezi."

Nikatazama juu. Ndala za Bi Mwajabu hazisogei. Nilijua nikiandika huenda tukafukuzwa siku hiyo hiyo, na nisipoandika tunafukuzwa vile vile, godoro liko kichwani tayari. Nakiete akageuka usingizini juu kule, mguu ukaning'inia. Mbwambo akaushika kwa mkono mmoja asianguke.

"Shikamoo, Bi Mwajabu," nikasema kwa sauti. "Naomba radhi, mama. Sikukusudia kukuvunjia heshima." Nikaishika kalamu kwa mikono miwili, nikaandika kwa nguvu. Kila herufi niliyoiandika, kipande kikatokea. Mguu. Mguu mwingine. Ubavu mweupe uliogeuka rangi ya siagi. Mpini. Mlango. Nilipomaliza, lilikuwa limesimama mbele ya kikao kizima: friji.

Ni friji la Bi Mwajabu, la barafu za ukwaju na ubuyu. Na hili nalo si la ndotoni. Lipo kweli, kibarazani kwetu. Nimenunua barafu humo mwaka mzima, Nakiete anapenda zile nyekundu. Lakini ni la mwenye nyumba, kwa hiyo halijawahi kuandikwa kwenye daftari, na kwa kuwa halikuandikwa, hakuna aliyewahi kulihesabu. Hata mimi nilipowatajia vifaa vya nyumba yetu pale mwanzo, sikulitaja. Mimi, mwanafunzi wa umeme.

Friji alikuwa amejaza vitumbua mashavu yote mawili. Machozi yanamtiririka, yanafanya dimbwi miguuni.

"Mnisamehe," akasema, akameza. "Sili kwa ulafi. Ni kwamba sifungi."

"Hufungi nini?"

"Mdomo. Mpira wangu umeachana na mlango, chini kabisa, kona ya kushoto. Nafasi ni ndogo, haizidi kidole cha mtoto. Napoza, baridi inatoka. Napoza tena, inatoka tena. Tangu joto la mwezi wa kwanza sijafumba jicho. Wenzangu wanapumzika, mimi usiku na mchana."

"Mwezi wa kwanza," nikasema. "Mwezi ule ule."

"Ndiyo. Nilimwona Bajaji wako anaingia getini. Nikasema maskini, huyu atabeba lawama zangu."

"Na kwa nini hukusema?"

Friji akanitazama kwa mshangao. "Kikao gani nimewahi kuitwa?"

Watu wakashusha mikono mmoja mmoja. Feni akaacha kuzunguka. Pasi, ambaye hajawahi kusema neno kikaoni, akasema taratibu, "Mpira wa mlango fundi anabadilisha kwa nusu saa," kisha akajiinamia tena.

Juu ya paa ndala zikasogea. Bi Mwajabu alikuwa anasimama. Bati likalia chini yake. Tukaona miguu, kisha ncha ya kanga, kisha mkono unashika ngazi. Anashuka. Hakuna aliyewahi kumwona akishuka. Alipofika ngazi ya mwisho akanigeukia, akafungua kinywa.

"Mama Nakiete," akasema, "hivyo wewe unataka kuniambia kwamba miezi yote hii..."

Ti. Ti. Ti.

Nikafumbua macho. Jua limeingia dirishani mpaka kitandani. Simu inasema saa tatu kasoro dakika tano. Mbwambo hayupo, Nakiete hayupo, shuka lao lina ubaridi wa watu walioamka zamani. Nje nikasikia mabenchi yanaburutwa.

Nikajifunga kanga vibaya, nikatoka.

Wapangaji walikuwa wameshakaa uani. Bi Mwajabu yuko kwenye kiti chake cha plastiki, chini, kwenye udongo kama sisi, na jinsi alivyo mdogo miguu yake haigusi vizuri. Sumbuko ana daftari kwapani. Mbwambo amesimama, mikono nyuma, tayari kukubali lolote.

"Shikamoo, Bi Mwajabu."

"Marahaba. Umeamka? Tulitaka kukutumia mtu."

"Samahani, mama. Usingizi ulinipitia."

"Kaa, mwanangu."

Nikakaa. Maneno yote niliyoyapanga wiki nzima, ya wati na uniti na hesabu nilizopiga mara tatu, yalikuwa yamenitoka kichwani. Nilimtazama Mbwambo, akanitabasamia kana kwamba mimi ndiye wa kuonewa huruma.

"Basi tuanze," akasema Sumbuko, akafungua daftari. "Tuanze na bajaji."

Nikageuka kumtafuta Nakiete nimpakate, nipate kitu cha kushika.

Alikuwa amechuchumaa kibarazani na gauni lake la kulalia, ametupa mgongo, kati ya pipa la maji na mlango wa Bi Mwajabu. Anacheka peke yake. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimezama chini ya mlango wa friji, kona ya kushoto, mpaka kwenye kifundo cha pili, kimeenea barabara kama kilipimwa.

Sumbuko akashusha daftari. Bi Mwajabu akageuza shingo. Mwanangu akatuona sote tunamtazama, akatuambia kwa sauti:

"Baridi inatoka hapa."